Mfuko wa Shemasi Pettway

Kinyozi Cleophus Tate hunyoa haraka timu ikishinda na polepole ikishindwa. Mwaka ule, kufikia Oktoba, mtu aliingia kunyolewa asubuhi akatoka na njaa ya mchana. Nyumbu wa Chuo cha Tolliver, timu ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wamecheza mechi tano na kupoteza zote tano, na ile ya mwisho waliipoteza kwa chuo ambacho watu wa mji wetu wa Marlow hawakujua hata kama kina uwanja.

"Kocha aondoke," alisema Junebug, nusu ya uso ikiwa na povu. Junebug anaendesha lori la taka, na kwa kuwa amepita nyuma ya kila nyumba hapa Marlow, anajiona anajua siri za kila mtu. "Crowder aondoke leo, asingoje Jumamosi. Mtu mzima unashindwaje na watu waliokuja na basi bovu?"

"Basi lao liliharibika wakati wa kurudi, si wa kuja," alisema Cleophus.

"Ndiyo nasema hivyo. Hata basi lilichoka kucheka."

"Mpeni muda jamani. Huu ni mwaka wake wa tatu tu."

"Mke wangu wa kwanza nilimpa miaka mitatu," Junebug alisema, "na yule angalau alikuwa anajua kupika."

Wakacheka wote, isipokuwa Shemasi Lucius Pettway aliyekaa dirishani. Kichwa cha Shemasi hakijaona nywele tangu alipostaafu kiwanda cha karatasi, lakini kila Alhamisi huja kwa kinyozi kama wengine. Haji kunyolewa. Anakuja kwenye kikao. Wanaume wakikaa pamoja kuchambua mpira husema wanajadili timu. Wake zao wakifanya hivyohivyo kuhusu majirani huitwa wambea.

"Shemasi umenyamaza kama umemeza wembe," Junebug alimchokoza. "Sema neno. Au unaogopa kumharibia mkwe?"

Mkwe aliyesemwa ni Darnell Fluker, mume wa binti yake Verlene, na kocha msaidizi wa Tolliver anayefundisha ulinzi. Darnell, Verlene na mtoto wao Janae walikuwa wakiishi nyumbani kwa Shemasi, hivyo Shemasi alikuwa na habari za timu kabla hazijafika redioni, na duka zima la kinyozi lilimheshimu kwa hilo.

"Ulinzi hauna kosa," Shemasi alisema taratibu, kama anayesoma matangazo ya kanisa. "Tatizo ni kwamba ulinzi haupumziki. Vijana wa Darnell wanapigana, wanaupata mpira, wanawapa wale wa mashambulizi, na wale wanaurudisha upesi kama wameokota mali ya polisi."

"Haya, msikieni baba mkwe."

"Nasema kweli. Crowder hajui kupanga mashambulizi. Akitoka huyo, mtu wa kumweka tayari yupo palepale."

"Mtu gani?" Cleophus aliuliza, ingawa wote walijua.

"Mimi sikutaja jina."

"Hukutaja, ila umemvisha kofia kabisa."

Hapo ndipo Junebug alipotoa wazo la mifuko. Jumamosi ile ilikuwa ya Kurudi Nyumbani, siku wahitimu wanapokuja kutoka Atlanta, Detroit na kwingineko, wanawake wamevaa manyoya na wanaume wanadanganyana kuhusu mishahara yao. Televisheni ingekuwepo. "Tuvae mifuko vichwani," Junebug alisema. "Safu nzima. Kocha wa kabla ya huyu tulimvalia mifuko, na Krismasi haikumkuta hapa."

Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo maana watu wa Marlow waliuamini mfuko kuliko barua na mikutano. Ni mfuko ule wa karatasi wa dukani, wa kahawia, unautoboa macho mawili na kuuvaa kichwani, maana yake unaiangalia timu yako lakini hutaki mtu akuone ukiiangalia.

"Shemasi hawezi kuvaa," alisema mmoja.

"Shemasi anamwogopa bintiye," alisema mwingine.

"Mimi simwogopi mtu," Shemasi alisema. "Ila mifuko ya siku hizi ni myepesi. Ile tuliyokuwa tukitengeneza kiwandani, ungeweza kubebea kuku wawili waliolowa maji na..."

"Na usichanike," wakamalizia wote kwa pamoja.

* * *

Siku ile ilikuwa siku ya mashine. Mke wa Shemasi, Ozella, alikuwa amelala kwenye kochi na blanketi hadi kidevuni, kama nguo iliyokamuliwa ikaachwa bila kuanikwa. Figo zake zilikuwa zimekufa mwaka uliotangulia, na mara tatu kwa wiki Verlene alimwendesha hadi Selby, mwendo wa saa nzima, akamkalisha kwenye mashine ya kusafisha damu, akamngoja, akamrudisha. Kwa ajili hiyo Verlene alikuwa amepunguza siku zake za kazi kwa daktari wa meno. Shemasi mwenyewe hakuendesha tena. Macho yake yalikuwa na ukungu, na siku ya mwisho aliyoshika usukani aligonga sanduku la barua la jirani, kisha akasema lilikuwa limesogea.

Darnell aliporudi kutoka mazoezini, Verlene alimpakulia kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi. Alikula huku macho yakiwa ukutani.

"Nasikia mjini wanataka mabadiliko," Shemasi alisema.

"Nasikia pia, Baba."

"Crowder akitoka, watampa nani?"

Darnell aliweka uma chini. "Baba, nikueleze kitu, na ukawaeleze na wale wa kwa Cleophus. Kocha mkuu hafukuzwi peke yake. Anayekuja anakuja na watu wake. Sisi wote tunabeba masanduku."

"Au wanakupa wewe."

"Wanipe mimi, nimewahi kuongoza nini?"

"Ulinzi."

"Tumefungwa pointi arobaini na mbili wiki iliyopita."

"Kwa sababu ulinzi haupumziki."

Verlene alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Kutoka kwenye kochi Ozella alisema, "Lucius."

"Naam."

"Hawa wakihama, nani atanipeleka Selby?"

"Hawahami."

"Sijauliza kama wanahama. Nimeuliza nani."

"Mimi nipo, Ozella."

"Wewe mlango tu huuoni."

"Nauona vizuri."

"Uko wapi?"

Shemasi akanyoosha kidole. Janae, mwenye miaka saba, akacheka mpaka maziwa yakamtoka puani, maana babu yake alikuwa anaonyesha jokofu.

Ozella hakucheka. "Jumamosi nenda uwanjani kama kawaida yako. Kula mbavu, sikiliza bendi, urudi. Lakini usinifanyie maneno. Mumewe Verlene anakula pale. Na mimi, kama hujui, napumulia palepale."

"Sitafanya maneno."

"Niahidi."

"Nimekuahidi," alisema Shemasi, na wakati anasema alimaanisha kabisa. Hilo lazima asemewe.

* * *

Asubuhi ya Jumamosi maegesho ya uwanja yalijaa moshi wa nyama tangu jua halijapanda. Junebug alikuwa amefungua nyuma ya gari lake, amepanga mbavu za nguruwe, mayai ya kujaza, pai ya viazi vitamu, na rundo la mifuko ya kahawia. Kwenye kila mfuko alikuwa ameandika kwa kalamu nene: TUNATAKA MABADILIKO.

Shemasi alikula mbavu akakataa mfuko. Alikataa mara ya pili walipoingia uwanjani. Nusu ya kwanza Nyumbu walikuwa nyuma kwa pointi ishirini na moja, na vijana wa ulinzi walikuwa wamesimama mikono viunoni, vifua vikipanda na kushuka. Bendi ilipoingia kati, watu wakasahau matatizo. Wasichana wa mbele wakarusha miguu, matarumbeta yakapigwa kwa kulalia mgongo, na bibi mmoja kutoka Chicago akacheza hadi wigi likamgeukia upande. Bendi ilipotoka, nusu ya watu wakatoka nayo. Kwa Marlow hayo ndiyo matusi makubwa kuliko yote: watu kuja kuangalia bendi na kuiachia timu viti vitupu.

Shemasi alibaki. Aliviangalia vile viti, akahisi uso unamwaka. Miaka yote alikuwa amekaa kiti kile kile. Nyuma yake wahitimu wawili wenye makoti ya bei walikuwa wakicheka, mmoja akasema, "Bora wangeifuta tu, pesa wawape bendi."

"Shemasi," Junebug alimnong'oneza kupitia tundu la mfuko wake. "Wewe tu ndiye unayeonekana. Safu nzima sisi tumejificha, wao wanakucheka wewe."

"Nipe," Shemasi alisema.

Akauvaa. Kwanza aliunusa ndani, akaupapasa kona kwa kidole, akasema gundi yake ni ya hovyo. Halafu akatulia. Baadaye alijaribu kumweleza Ozella jinsi ilivyokuwa, kwamba ndani ya mfuko kulikuwa na amani, hakuna aliyemjua, akazomea kama kijana. Ozella alimsikiliza hadi mwisho akamuuliza kama amekunywa dawa yake ya presha.

Nyumbu walipoteza kwa pointi thelathini na nane. Junebug na wenzake waliondoka kabla filimbi haijalia, kuwahi foleni ya magari. Shemasi hakuondoka, kwa sababu wimbo wa chuo ulikuwa bado. Tolliver ishinde, ishindwe, bendi hupiga wimbo wa chuo mwishoni, na kila mtu husimama, na mwanamume mwenye kitu kichwani hukivua na kukiweka kifuani. Shemasi alifundishwa hilo na baba yake akiwa mdogo, kwa kofi moja tu, na halikuhitaji la pili.

Bendi ikaanza. Shemasi akasimama. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, ukashika kilichokuwa kichwani, ukakivua, ukakiweka juu ya moyo.

Kijana wa kamera wa televisheni alikuwa anatafuta uso wa huzuni wa kufungia kipindi. Akapata zaidi ya alichotafuta: mzee mwenye upara unaong'aa, macho yana maji, anaimba kila neno la wimbo wa chuo, na kifuani ameukumbatia mfuko kwa heshima zote, maandishi yakitazama nje, yanasomeka hadi na asiyejua kusoma.

* * *

Picha ilifika kanisani kabla ya Shemasi. Ibada ilipokwisha, Dada Earline wa kwaya alimkalia Ozella karibu, akamshika mkono kama kuna msiba.

"Dada Ozella, mimi sitaki kuwa mtu wa kuleta."

"Basi usilete."

"Ila ni afadhali uone kwangu." Akamfungulia simu.

Ozella aliangalia muda mrefu. "Alivaa tai niliyompa siku ya ndoa yetu," alisema, akamrudishia simu yake.

Nyumbani hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali kelele. Verlene alipakua chakula, kila mtu akakaa mahali pake, Shemasi akaomba baraka ya chakula na akaiomba fupi. Darnell ndiye aliyezungumza wa kwanza.

"Baba, nani mwingine alikuwa pale?"

"Wote. Junebug, wote."

"Kwenye picha uko peke yako."

"Wao waliondoka kabla ya wimbo."

"Na wewe ukangoja wimbo."

"Sasa Darnell, mtu anaondokaje kabla ya wimbo?"

Darnell akamtazama, na kwa muda ilionekana kama angecheka. Aliinuka, akachukua sahani yake, akaenda kuiosha mwenyewe.

"Niliona aibu kwa ajili yenu," Shemasi aliwaambia waliobaki. "Walikuwa wanacheka nyuma yangu."

"Sasa wanacheka mbele," alisema Ozella.

* * *

Jumatatu Darnell aliitwa kabla ya mazoezi, na chakula cha mchana kilimkuta nyumbani. Alikuwa na sanduku la vitu vyake mkononi: filimbi, viatu vya akiba, picha ya Janae. Chuo kilitoa maneno mawili matatu redioni: Kocha Crowder anaendelea, katika kuitikia wito wa wapenzi wa timu, mabadiliko yamefanyika katika benchi la ufundi, kocha wa ulinzi ameachishwa.

Kwa Cleophus walilisikiliza tangazo hilo mpaka mwisho.

"Hii ni hatua ya kwanza," Junebug alisema. "Wameanza kusikia. Wakishaanza na wadogo wanakuja na mkubwa."

"Junebug," alisema Cleophus, "funga mdomo nikunyoe."

Siku iliyofuata Shemasi alivaa suti ya kanisani akatembea hadi chuoni, mkono kwenye uzio njia nzima. Hakumwambia mtu. Msichana wa mapokezi alimtambua kutokana na picha, akalificha tabasamu nyuma ya karatasi, akamngojesha mpaka miguu yake ikafa ganzi.

Kocha Wendell Crowder alisimama alipoingia. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye macho ya asiyelala. Alimvutia kiti, akammiminia kahawa.

"Shemasi."

"Kocha. Nimekuja kuomba. Aliyevaa ni mimi. Darnell hakujua lolote."

"Najua hakujua."

"Basi mrudishe."

Crowder alikaa. "Nikwambie jinsi ilivyokuwa, maana wewe ni mtu mzima. Kabla ya Kurudi Nyumbani wenye chuo waliniita. Wakaniambia wahitimu wanataka kuona kitu kimebadilika, toa mtu au toka wewe. Nikabaki na majina mawili. Curtis wa mashambulizi, na Darnell."

"Ulinzi hauna kosa," alisema Shemasi.

"Hauna. Curtis ndiye alistahili kwenda. Lakini shemeji yake Curtis yumo kwenye halmashauri ya chuo, huyo hagusiki. Na Darnell nilishindwa nimguse vipi. Watu wanampenda. Anaishi na nyinyi, baba mkwe ni shemasi. Ningewaambia nini Marlow?" Akaigeuza simu yake juu ya meza, picha ikiwa pale. "Jumamosi ukanitatulia. Nilivyowaonyesha, hakuna aliyeniuliza swali. Kama hata nyumbani kwake wanataka mabadiliko, mimi ni nani?"

"Sikumaanisha yeye. Nilimaanisha wewe."

"Naelewa. Hamkuandika ya nani."

Shemasi alishika kikombe lakini hakunywa. "Mke wangu anasafishwa damu Selby. Verlene ndiye anayempeleka. Darnell akipata kazi mbali, wanahama."

Crowder aliilaza simu kifudifudi. "Hilo sikulijua."

"Ungelijua ungefanyaje?"

Na huyu Crowder, wamseme wanavyotaka, hakudanganya. "Ningefanya hivihivi," alisema. "Ila ningejisikia vibaya zaidi."

Wakaagana. Mlangoni Crowder akatoa mfukoni tiketi mbili za mechi ya Jumamosi, viti vya mbele, karibu na bendi, akamwekea mkononi. Shemasi alikuwa ameshasema asante na kufika barabarani ndipo akatambua amezipokea.

* * *

Darnell alipiga simu kila chuo alichokijua, kisha vile asivyovijua. Huko kusini walikuwa wamemaliza kuajiri, au walikuwa wameiona picha na walitaka kwanza kuihadithia. Mwishowe mtu aliyecheza naye zamani akamwitia kazi Dakota ya Kaskazini, chuo kidogo cha watu wa baridi, aanze mara baada ya Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Nyumba ya kupanga ilikuwa na vyumba viwili.

"Kliniki wana gari la kubeba wagonjwa," Shemasi alisema. "Watu wengi wanalitumia. Mimi nitakuwa naenda naye."

"Basi tujaribu kabla hatujaondoka," alisema Verlene. "Nataka kuona kwa macho yangu."

Mara ya kwanza gari lilikuja, lakini kurudi lilipeleka kwanza wagonjwa wa upande mwingine, na Ozella akakaa Selby kwenye kiti cha plastiki hadi wafagiaji wakazima taa za ukumbi. Shemasi alikuwa pembeni yake, akimfunika kwa koti, akimhadithia mechi ya zamani aliyoihadithia miaka yote.

"Lucius," Ozella alimwambia, "hiyo tulishinda. Naikumbuka. Nyamaza."

Mara ya pili gari halikuja kabisa. Verlene alikuwa kazini, akijua mama yake ameshachukuliwa. Shemasi alipiga simu kliniki, akawekewa muziki, akangoja kwa adabu. Alisikia mlio nje, akatoka mbio, akalipungia mkono gari jeupe lililokuwa linapita. Lilikuwa la mkate. Mpaka Verlene anarudi, Ozella alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imevimba, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwa mrija ulioziba.

"Kwa nini hukunipigia, Baba?"

"Nilijua linakuja. Waliniambia ningoje."

Hospitali walimtoa Ozella maji mapafuni. Daktari, msichana mdogo mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliwaambia kwamba mgonjwa huyu hawezi kukosa mashine tena, na kwamba safari ijayo huenda wasimwahi. Alisema huku anamwangalia Verlene. Kwa Shemasi hakuangalia, si kwa ubaya; aliona mzee, akapita.

Verlene alikaa kitandani kwa mama yake. "Huko Dakota mashine iko mtaa wa pili. Nimeuliza. Unakuja na sisi."

"Ni baridi huko."

"Baridi sana."

"Weusi wenzetu wapo?"

"Darnell anasema amemwona mmoja."

Ozella alicheka mpaka akakohoa. Kisha akageuza uso dirishani, akakaa hivyo, na alipogeuka tena alikuwa amekwisha kuiaga nyumba, kanisa na kaburi la mama yake, vyote kwa mkupuo mmoja. "Koti langu la kijivu liko kwa dobi," alisema. "Usilisahau."

Shemasi alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi. Alingoja. Verlene akaanza kuzungumzia dawa.

* * *

Wiki ile yote Shemasi alikuwa mtu mwema kuliko alivyowahi kuwa. Alikunja blanketi za Ozella. Alibandika majina kwenye masanduku, ingawa aliyabandika juu chini. Alimuuliza Darnell kama huko kaskazini watu huvaa soksi mbilimbili, na Darnell akasema ndiyo, nadhani, Baba, na akaendelea kufunga kamba. Kwa Cleophus hakwenda. Jumamosi Nyumbu walishinda kwa mara ya kwanza, ulinzi ukaiba mpira mara nne, magari yakapiga honi mjini hadi usiku, na nyumbani kwa Pettway hakuna aliyefungua redio.

Kila ilipotokea nafasi alijisogeza karibu na Ozella.

"Huko kuna kanisa?" alimuuliza.

"Verlene anasema lipo."

"Mashemasi wanao wa kutosha?"

"Sijui, Lucius."

Siku nyingine alimuuliza, "Nyumba yenye vyumba viwili, Janae atalala wapi?"

"Na mimi."

"Kitanda kimoja?"

"Kitanda kimoja."

Akaitikia kwa kichwa, kama ni jambo jema alilolisikia.

Asubuhi ya kuondoka aliamka kabla ya wote. Aliponyoa ndevu alijikata kidevu, akabandika kipande cha karatasi. Akavaa suti, akapiga viatu rangi. Wakati Darnell anapakia gari, Shemasi alitoka na begi lake dogo la zamani, lile alilokuwa akipelekea nguo kiwandani. Alikuwa ametia ndani mashati mawili, dawa ya presha, Biblia na soksi zote alizokuwa nazo. Akaliweka barazani karibu na masanduku ya wengine, lakini si pamoja nayo. Akaacha nafasi kidogo. Kisha akasimama upande mwingine kabisa wa baraza, akiitazama barabara kama begi ni la mtu mwingine.

Darnell alibeba masanduku moja moja mpaka likabaki begi lile. Aliliangalia. Nyuma ya gari kulikuwa kumejaa. Kiti cha nyuma kilikuwa na mto wa Ozella, mashine ndogo ya kupimia presha, na Janae aliyekwisha kufunga mkanda. Akamtazama mke wake. Verlene akamgeukia mama yake.

Ozella alikuwa anashuka ngazi taratibu, mkono kwenye nguzo, ndani ya koti la kijivu. Alipofika chini akasimama kuvuta pumzi. Alimwangalia mumewe: suti, viatu, karatasi kidevuni yenye tone la damu. Akamrekebisha ukosi wa shati kwa vidole viwili, kama alivyofanya kila Jumapili mlangoni mwa kanisa.

"Lucius," alisema, "hilo begi lako lirudishe ndani. Mvua inakuja."

Shemasi alitazama juu. Macho yake mabovu hayakuona kitu ila weupe, na weupe ule ungeweza kuwa wingu. Verlene naye alitazama juu. Anga lilikuwa safi, hakuna wingu lolote, jua linapiga mabati.

"Ndiyo," alisema Shemasi. "Naona inakuja." Akainama, akalipapasa begi mpaka akapata mshikio, akaliingiza ndani.